Utafiti unasema ugonjwa utamrudia: je, unamsema mdogo wangu?

SWALI

Shikamoo Daktari. Naandika kutoka Morogoro. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, ni fundi wa kuchomelea mageti. Mwaka jana alianza kusikia sauti, usingizi ukaisha, akashikilia kwamba jirani ametia kitu kisimani. Tulianza na maombi, tukaishia hospitali, akalazwa wiki tatu. Huu ni mwezi wa nane yuko vizuri na amerudi kazini. Anachomwa sindano ya flufenazini kila mwezi, na usiku anameza haloperidoli na Artane ya kulegeza mwili. Shida ni mikono: inatetemeka, mwili umekakamaa, na bosi wake analalamika kwamba mishono inapinda. Anataka kuacha dawa. Daktari wa kliniki alisema "utafiti unaonyesha" wanaoacha wanarudiwa, hakueleza zaidi. Binamu yetu aliyeko Uholanzi ametutumia utafiti wa huko unaosema waliopunguziwa dawa ndio waliopona zaidi, na anashauri tuuze kiwanja tununue dawa mpya. Mama anasema tafiti zote hizo wamepimwa Wazungu. Tumsikilize nani?

JIBU

Marahaba, dada. Nitaanza na jibu lenyewe, maelezo yafuate, maana najua kliniki ijayo haiko mbali.

Asiache sasa, na asiache kimyakimya. Kiwanja msiuze. Lakini mikono yake ni hoja ya kitabibu kama zilivyokuwa zile sauti, na dawa anazotumia zinahitaji kupitiwa upya na daktari wake mwezi huu, si mwakani. Binamu yenu hakudanganya. Alichotuma ni utafiti wa kweli, ila una sehemu ambayo haikufika Morogoro. Mama naye ana hoja nzito kuliko anavyodhani. Mimi sijamwona mgonjwa, kwa hiyo kipimo cha dawa yake sitakigusa hata kwa miligramu moja. Ninachoweza ni kukuonyesha namna ya kuusoma huo utafiti, ili mkikaa na daktari mjue mnauliza nini.

Maneno "utafiti unaonyesha" tumeyatumia vibaya sisi madaktari. Yamekuwa kama fimbo: yakishatamkwa, mgonjwa ananyamaza, na ndugu wanakusanya kadi yao na kuondoka. Hayakukusudiwa hivyo. Madaktari wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walioipa jina tiba inayofuata ushahidi mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikuwa wanapambana na daktari mkubwa anayesema fanya hivi kwa sababu mimi nimesema. Mwaka 1996 mmoja wao, David Sackett, aliandika na wenzake kwamba matokeo ya utafiti lazima yakutane na ujuzi wa daktari aliyemshika mgonjwa, na pia na hali ya mgonjwa mwenyewe na anachokitaka. Utafiti ukikosa hayo mawili ni figa moja, na figa moja haliinjiki chungu.

Utauliza kwa nini basi tusitegemee uzoefu tu. Daktari ameona wagonjwa maelfu, si inatosha?

Haitoshi, na fani yangu ililipia somo hilo kwa miili ya watu. Miaka ya 1930 daktari Manfred Sakel wa Vienna alianza kuwachoma wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili wenye dalili kama za mdogo wako, kusikia sauti na kushikilia yasiyokuwepo, insulini, hii hii ya kisukari, mpaka sukari inashuka na mgonjwa anazimia kabisa. Kisha anarudishwa kwa maji ya sukari yaliyopitishwa puani kwa mpira. Kesho yake anazimishwa tena, na keshokutwa tena, kwa wiki nyingi. Hospitali za Ulaya na Marekani zilifungua wodi maalumu za kazi hiyo. Wapo waliokufa. Madaktari wa wodi zile hawakuwa matapeli. Waliona kwa macho yao wagonjwa wakipata nafuu na kurudi makwao. Mwaka 1953 daktari kijana wa Uingereza, Harold Bourne, aliandika katika jarida la Lancet kwamba tiba ile ni hekaya, na wakubwa wa fani wakamshukia. Mwaka 1957 timu moja ya London ikafanya kile ambacho miaka yote ile kilikosekana: iliwagawa wagonjwa kwa kura, nusu wakazimishwa kwa insulini, nusu wakazimishwa kwa dawa nyingine ya usingizi mzito, na mengine yote, uangalizi na ratiba ya kutwa, yakafanywa yafanane. Matokeo yalilingana. Kumbe insulini haikuwa na kazi. Wodi zile zilikuwa zinachagua watu ambao ugonjwa wao bado mchanga na wenye dalili za kupona, kisha zinawapa wauguzi wengi, chakula, na mtu wa kuwaangalia kutwa nzima.

Tangu niliposoma kisa hicho nikiwa mwanafunzi, mtu akiniambia "nimeona kwa macho yangu dawa hii inaponya", iwe ya duka la dawa au mizizi kutoka mlimani, swali langu ni moja tu: umewalinganisha na nani?

Sasa tuje kwa mdogo wako. Ulinganisho mkubwa wa swali lake ulichapishwa mwaka 2012. Stefan Leucht wa Munich na wenzake walikusanya majaribio 65 yenye wagonjwa karibu 6,500 wa skizofrenia waliokuwa wametulia kwa dawa. Kwa kura, wengine waliendelea na dawa, wengine walipewa kitu kinachofanana nayo lakini ndani hakina dawa. Ndani ya mwaka mmoja hivi ugonjwa uliwarudia watu 27 katika kila 100 walioendelea, na 64 katika kila 100 walioachishwa.

Usiziache namba hizi zipite juu juu. Fikiria mabenchi ya kliniki yenu yamejaa watu 100, wote wametulia kama mdogo wako. Wote wakiacha dawa leo, mwaka ukiisha 64 watakuwa wamerudiwa, na 36 wako salama bila kidonge chochote. Wote wakiendelea, 73 watakuwa salama, na 27 watakuwa wamerudiwa pamoja na kutumia dawa. Tofauti ni watu 37. Hao ndio dawa iliwakinga kwa mwaka ule. Katika udaktari huo ni msaada mkubwa sana. Dawa nyingi za moyo tunazoziandika kila siku bila kusita hazifiki karibu na hapo. Lakini tazama benchi upande wa pili: watu 36 wangekaa salama bila dawa, na bado wanatetemeka mikono. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kuniambia mdogo wako amekaa benchi lipi. Daktari akisema "utafiti unaonyesha utarudiwa" amesema zaidi ya utafiti. Utafiti unasema uwezekano wa kurudiwa ukiacha ni zaidi ya mara mbili ya ukiendelea. Basi. Kutoka hapo kwenda kwa kijana mmoja wa Morogoro kuna safari, na safari hiyo haifanywi na namba.

Utafiti wa binamu naufahamu. Ni wa Lex Wunderink na wenzake. Waliwachukua watu walioumwa kwa mara ya kwanza na kupata nafuu, wakawagawa kwa kura: kundi moja liendelee na dawa, jingine lipunguziwe taratibu, na anayeweza aache kabisa. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2007. Waliopunguziwa walirudiwa 43 katika 100, wenzao 21, na waliofanikiwa kuacha moja kwa moja walikuwa kama mmoja kati ya watano. Hiyo ndiyo sehemu ambayo haikufika kwenu. Iliyofika ni ya mwaka 2013: watafiti waliwatafuta tena watu 103 baada ya miaka 7, wakakuta kwamba waliopona kwa maana pana, yaani dalili zimetulia na maisha nayo yanakwenda, walikuwa 40 katika 100 upande wa waliopunguziwa, na 18 tu upande wa pili.

Matokeo hayo yalinishtua nilipoyasoma, na mpaka leo siyapuuzi. Yaliniondoa kwenye mazoea ya kumwacha mgonjwa miaka kumi na kipimo kile kile alichopewa siku alipoletwa anapiga kelele. Lakini baada ya muda wa jaribio kwisha, kila mgonjwa na daktari wake walikuwa huru kufanya watakavyo, kwa hiyo ile miaka iliyofuata haikuwa ulinganisho wa kura tena.

Kisha ipo Hong Kong. Huko watu 178 walioumwa mara ya kwanza, na wakawa wametulia kwa mwaka au zaidi, waligawanywa kwa kura kati ya kuendelea na dawa ya kuetiapini na kumeza kidonge tupu. Baada ya mwaka, kwa matokeo yaliyochapishwa 2010, waliorudiwa walikuwa 41 katika 100 kwa waliotumia dawa na 79 kwa waliomeza kidonge tupu. Watafiti wakawafuata tena baada ya miaka 10: waliokuwa na hali mbaya walikuwa 39 katika 100 upande wa walioachishwa, 21 upande wa waliobaki. Maswali karibu yanafanana, wagonjwa karibu wanafanana, na majibu ya miaka mingi yamegeukiana migongo. Ukimtumia ndugu yako utafiti wa Uholanzi bila wa Hong Kong, umempa shahidi mmoja wa kesi yenye mashahidi wawili.

Wa tatu alikuja mwaka 2023 kutoka Uingereza. Watu 253, wengi wao wameumwa kwa miaka, waligawanywa: nusu waendelee, nusu wapunguziwe hatua kwa hatua wakiwa na daktari. Baada ya miaka miwili waliorudiwa vibaya walikuwa 25 katika 100 kwa waliopunguziwa na 13 kwa wengine, na katika kazi, urafiki na mambo ya nyumbani hakukuwa na tofauti. Aliyeongoza, Joanna Moncrieff, amekuwa mkosoaji wa dawa hizi kwa miaka mingi, na akachapisha matokeo hayo kama yalivyotoka. Namheshimu kwa hilo. Wengi wakikuta ushahidi hauendi upande wao hutafuta droo ya kuufungia.

Nikiwaweka mashahidi wote meza moja, ninachokiona ni hiki. Kupunguza taratibu hakuondoi hatari ya kurudiwa. Katika miaka ya mwanzo huiongeza, hata mikononi mwa wataalamu. Kama kuna faida ya maisha mapana baadaye, inawezekana ipo kwa baadhi, na haijathibitishwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu aliyeumwa mara ya kwanza aendelee na dawa walau miezi 12 tangu dalili zilipoisha. Mdogo wako ana miezi minane. Kwa hiyo swali lake la kuacha si la kijinga, limekuja mapema tu.

Mama sasa. Amesema kweli kwamba majaribio mengi ya dawa hizi yalifanyika Ulaya, Marekani ya Kaskazini na sehemu za Asia. Na hata huko hawakuchukua kila mtu: mara nyingi waliachwa nje wanaovuta bangi, wajawazito, waliotaka kujiua, wenye magonjwa mengine. Yule kijana anayeletwa kwetu saa saba usiku amefungwa kamba ndani ya bajaji, hata London asingeingizwa kwenye jaribio.

Lakini tuulize tofauti hiyo inabadilisha nini. Haloperidoli kwa sehemu kubwa inafanya kazi ile ile kwenye ubongo wa Morogoro na wa Munich. Kinachobadilika ni kinachouzunguka. Mtu wa Munich akirudiwa, gari la wagonjwa linakuja, kitanda kipo, dawa ipo, na kazi yake inaweza kumsubiri. Mdogo wako akirudiwa, nani atampeleka, kwa shilingi ngapi, na mwenye karakana atamrudisha mara ya pili? Kurudiwa kule kule, hapa kwetu kuna gharama kubwa zaidi, na hilo linavuta upande wa kubaki na dawa. Kwa upande mwingine, wagonjwa wengi wa huko wanaishi peke yao, na mdogo wako anaishi na mama ambaye asubuhi akimtazama tu anajua kama amelala. Huo ni ulinzi ambao majaribio mengi hayakuwa nao. Siku ya kujaribu kupunguza ikifika, ulinzi huo utahesabika.

Na Afrika haijakaa bure. Mwaka 2003 yalitoka matokeo ya vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda, ambako watu wenye sonona walikutana katika vikundi vya mazungumzo vilivyoongozwa na wenyeji waliofundishwa, na wengi wakapata nafuu kubwa kuliko vijiji ambavyo havikuwa na vikundi. Sonona si ugonjwa wa mdogo wako, nimeutaja ili mama ajue kwamba hata sisi tumepimwa. La kwenu zaidi ni la mwaka 2020 kutoka Ghana na Nigeria. Watafiti wakiongozwa na Oye Gureje wa Ibadan waliwachukua wagonjwa 307 wenye kuchanganyikiwa waliokuwa kwa waganga wa jadi na kwenye nyumba za maombi. Sehemu nyingine mambo yaliachwa kama kawaida. Sehemu nyingine wahudumu wa vituo vya afya walifundishwa kwenda kwa hao waganga na wachungaji, kutoa dawa pale pale, na kuzungumza nao kuhusu kuacha yanayomuumiza mgonjwa. Baada ya miezi sita wagonjwa wa ushirikiano walikuwa na dalili chache kwa kiasi kinachoonekana wazi. Mlipoanza na maombi hamkukosea, dada. Kama mchungaji yupo karibu na familia, mwambieni kuhusu sindano, mumwombe amkumbushe tarehe. Akisema atupe dawa kwanza ndipo aombewe, hapo msimfuate.

Kiwanja. Mwaka 2005 Marekani walitoa matokeo ya jaribio kubwa lililogharamiwa na serikali, si na kampuni za dawa. Watu 1,493 wenye skizofrenia, dawa mpya nne za bei kubwa zikashindanishwa na moja ya zamani ya bei ndogo, pafenazini, ambayo ni ndugu wa karibu wa hiyo flufenazini ya mdogo wako. Katika miezi 18, watu 74 katika kila 100 waliacha dawa waliyopangiwa, kwa maudhi au kwa kuona haisaidii. Dawa ya zamani ilikwenda sambamba na nyingi za mpya. Olanzapini ilivumiliwa muda mrefu kidogo, lakini iliwanenepesha watu na kuwaharibia sukari na mafuta ya damu. Dawa mpya kwa kawaida hazikakamazi mwili kama haloperidoli, na hilo kwa fundi wa kuchomelea ni jambo kubwa; wala sisemi asipewe. Nasema risperidoni na olanzapini za kawaida, zisizo na jina la kampuni, huenda zipo katika hospitali yenu ya mkoa, na daktari akiona zinafaa mnaweza kuzipata bila kuuza ardhi. Na binamu akiwatumia makala nyingine ya kusifu dawa, mkumbuke kilichofichuliwa mwaka 2008 kuhusu dawa za sonona: kati ya majaribio 74 yaliyosajiliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, 38 yalikuwa mazuri na karibu yote yalichapishwa; 36 yaliyobaki yalikuwa mabaya au ya mashaka, na kati ya hayo 22 hayakuchapishwa kabisa, 11 yakachapishwa yamepambwa yaonekane mazuri. Aliyesoma majarida tu alisoma nusu ya daftari.

Nirudi kwenye mikono, maana hapo ndipo nilipokaa muda mrefu na barua yako.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikuwa na mgonjwa, fundi cherehani. Kila mwezi alikuja, kila mwezi nilimwambia utafiti unaonyesha usiache, akaitikia "sawa, daktari." Siku moja mama yake alikuja peke yake, akatoa soksi kwenye mkoba, akaimimina mezani kwangu. Vidonge vya haloperidoli vya miezi minne. Kijana alikuwa hamezi hata kimoja, kwa sababu akimeza alikuwa hawezi kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Mimi sikuwa nimemuuliza hata mara moja kuhusu kazi yake. Namba zangu zilikuwa sahihi, na hazikumsaidia kitu, kwa sababu dawa inayomkinga mtu ni ile iliyomo mwilini, si ile iliyomo kwenye soksi. Tulibadilisha dawa, tukapunguza kipimo, akarudi kushona.

Majaribio yalihesabu waliorudiwa. Mdogo wako anahesabu mishono. Vyote viwili lazima viingie kwenye hesabu moja, na kwa bahati nzuri hapa ushahidi uko upande wake. Kwanza, anapewa dawa mbili za kundi moja, ya sindano na ya kumeza. Mara nyingi hiyo ya kumeza ilianzishwa wodini, kisha ikasahaulika. Ushahidi kwamba mbili zinashinda moja iliyotumika sawasawa ni dhaifu. Kwamba zinaongeza kukakamaa, hilo tunaliona kila siku. Pili, majaribio ya vipimo vya haloperidoli yalionyesha kwamba miligramu 3 hadi 7.5 kwa siku zilifanya kazi bila kupitwa na vipimo vikubwa, na maudhi yakawa machache. Muulizeni daktari anapewa ngapi. Tatu, Artane. Inalegeza mwili, ndiyo, lakini inakausha mdomo, inafunga choo na kufifisha kumbukumbu, na Shirika la Afya Duniani linataka itumike kwa muda mfupi. Kipimo cha dawa kuu kikishushwa, mara nyingi haja ya Artane inapungua nayo. Asiikate mwenyewe, ikikatwa ghafla mwili unaweza kukakamaa zaidi.

Kwa hiyo mnachokwenda kuomba kliniki si kuacha dawa. Ni kubaki na dawa moja, kwa kipimo kidogo kinachotosha, mpaka mwaka utimie. Daktari wa kweli hatakasirika mkiomba hivyo. Akisema hapana, muulizeni anaona nini kwa mdogo wako ambacho nyie hamkioni. Huenda kipo, kwa mfano kama alipoletwa alikuwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine. Hilo hukuandika.

Kuna mambo mawili mengine hukuandika. Je, anavuta bangi? Karakana nyingi inapita mkono kwa mkono. Wanaoendelea kuvuta baada ya kuugua hurudiwa zaidi, na hakuna dawa ya kiwanja inayoziba tundu hilo. Na nyumbani mnasemezana vipi? Mwaka 1958 huko London, George Brown na wenzake waliona kwamba waliotoka hospitali kurudi kwa wazazi au wake zao walirudishwa wodini zaidi kuliko waliokwenda kwa ndugu zao au nyumba za kupanga. Haikuwa kwamba wazazi ni wabaya. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba ni lawama za kila siku na kufuatwafuatwa: mbona hujaoga, mbona umekaa, umemeza? Familia zikifundishwa ugonjwa ni nini na namna ya kusema bila kushambulia, kurudiwa kunapungua. Hilo limepimwa mara nyingi, na hapa kwetu mafunzo ya aina hiyo, ya mgonjwa na ndugu yake pamoja, yamefanyiwa jaribio dogo Muhimbili na Mbeya. Mama aendelee kumwangalia asubuhi. Ila aangalie kwa macho.

Kaeni na yeye mwenyewe akiwa mzima hivi, muandike kwenye karatasi dalili zake za mwanzo. Ugonjwa huu unapenda kurudi kwa mlango ule ule ulioingilia. Kwake mlango ni usingizi na maji. Usiku wa pili bila kulala, au siku atakapoanza kubeba chupa yake ya maji na kukataa ya nyumbani, msisubiri tarehe ya kliniki. Na wekeni pembeni hela ya dawa ya mwezi mmoja, kwa ile siku dirishani watakapowaambia imeisha, mkanunue nje. Wagonjwa wengi waliorudiwa mikononi mwangu hawakuamua kuacha dawa. Walikosa tu, wiki mbili, tatu.

Mwaka ukitimia, naye bado anataka kujaribu kupunguza zaidi au kuacha, huo utakuwa uamuzi wake, na ni haki yake. Aufanye akijua yale mabenchi, kwa hatua za miezi na si siku, wakati ambao hakuna msiba wala harusi wala safari nyumbani, na daktari akiwa anajua.

Kwa sasa, kabla ya kliniki, mwambie apige picha kwa simu: mshono wa geti alilochomelea kabla hajaugua, kama bado lipo mtaani, na mshono wa wiki hii. Mkiingia kwa daktari, mwache yeye aanze kuongea, na picha hizo zikae mezani kabla ya kadi.